Gari mpya ya kifahari: fomu ijazwe na anaezijua njia zetu

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na naomba usinikate sana maana jambo lenyewe refu. Mie nnauza saruji na mabati Mlandege, hapa Unguja, hii ni barua yangu ya mwanzo kwa gazeti lolote.

Nnataka kusema kuhusu hizi gari mpya za kifahari, hizi za juu, zinazoagizwa zero kilomita moja kwa moja kutoka kwa kampuni. Sisi hapa tumezoea gari ya Japani iliyokwishatumika. Ile unaichukua ilivyo, unaona picha, unaona kilomita, unalipa, inateremka bandari ya Malindi na vile viti na ile mipira aliyoichagua mtu mwengine huko kwao miaka kumi nyuma. Gari mpya si hivyo, gari mpya unaulizwa. Rangi ipi, ringi inchi ngapi, springi za chuma au za upepo, dizeli au petroli, ngozi ya rangi gani, paa la bati au la kioo, mstari wa tatu wa viti nyuma unautaka au huutaki, na kila jibu unalolitoa ndivyo kiwanda kitakavyoifunga, na ikishafungwa basi tena. Hapa ndipo tunapoumia Mhariri, kwa sababu masuali yale tunayajibu hatujui tunaulizwa nini, na anaetuuliza yuko mbali, hajawahi kuipita njia ya shamba usiku wa masika.

Mie niliagiza yangu 2022. Kampuni siitaji na muuzaji simtaji, sitafuti ugomvi na mtu. Ilikuwa gari yangu ya tano katika umri wangu na ya mwanzo kuwa mpya, pesa za duka za miaka mingi, na ndugu zangu wawili walioko Maskati wakaongezea kwa ajili ya mama, maana magoti yake hayamruhusu tena kupanda daladala na kila mwezi lazima atoke Makunduchi kuja mjini kwa daktari. Muuzaji akanikalisha mbele ya skrini, anabonyeza yeye, gari inazunguka kwenye picha inang'ara, anasema ringi ya 22 ndiyo wanayochukua wote, kioo cha juu kinaifungua gari, ngozi nyeusi haionyeshi uchafu. Dakika arubaini tumemaliza. Dukani kwangu mtu anaekuja kununua mabati ya nyumba ya vyumba viwili anakaa zaidi ya hapo, anauliza geji, yaani unene wa bati, anauliza yatakaa miaka mingapi na hii chumvi ya bahari, na mie namjibu moja moja kwa sababu ni haki yake. Mie sikuuliza na sikuambiwa.

Nianze na mpira. Wiki ya sita tangu gari ifike, usiku, mvua, namrejesha mama shamba, pahala lami imekatika imeacha ukingo na maji yamejaa huoni kitu, mguu wa mbele wa kushoto ukaingia. Sauti moja tu. Ubavu wa mpira umechanika kiganja kizima na ringi imepinda. Nafungua buti nateremsha mizigo nainua kile kifuniko cha chini, hamna mpira wa akiba. Kuna kichupa cha gundi na kipampu cha upepo. Ile gundi inaziba tundu la msumari, ubavu uliochanika haiuzibi gundi yoyote duniani. Mama yumo ndani, dawa zake za usiku ziko nyumbani, simu mtandao unakwenda unarudi. Akaja jirani kutuchukua na Noah yake. Mpira wa saizi ile nimeutafuta Unguja hamna, watu wangu wa Dar es Salaam wametafuta hawakuupata, umekuja kwa ndege siku ya kumi na tisa na ringi siku ya thelathini na moja. Mwezi mzima gari mpya imekaa juu ya matofali na mama kakosa klinik moja.

Sasa naomba wasomaji watizame ubavuni mwa mpira wowote, mna maandishi. Wangu ulikuwa 285/40 R22. Namba ya mwanzo ni upana wa mpira kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya ule upana, ya tatu ni ringi kwa inchi. Asilimia 40 ya 285 ni milimita 114, basi huo ndio mpira wote uliopo baina ya ringi na shimo, na gari yenyewe inapindukia tani mbili. Chukua mfano wa Toyota Land Cruiser 300 hii mpya iliyotoka 2021, ina za ringi 18 zinazovaa 265/65 na za ringi 20 zinazovaa 265/55. Piga hesabu mwenyewe, ya 18 ubavu wake milimita 172, ya 20 milimita 146 hivi. Na mguu mzima, ringi na mpira pamoja, kutoka chini hadi juu ni ule ule, hautofautiani hata nusu inchi. Mie nilikuwa nikidhani ringi kubwa inainyanyua gari, kumbe haiinyanyui kitu, inachokifanya ni kula mpira kuweka chuma pahala pake. Chuma kikipiga ukingo wa lami kinapinda, mpira unabonyea na kurudi. Mtu akinambia leo nimchagulie kitu kimoja tu kwenye gari mpya ntamwambia ringi ndogo kuliko zote wanazokubali kukupa, na mpira wa akiba wa saizi kamili uliofungwa ndani ya ringi yake, sio ule mwembamba wa muda.

Wapo watakaosema kuna mipira ya ranifleti, ile inayotembea hata ikiwa haina upepo. Ni kweli, kwa kawaida wanakwambia unaweza kwenda kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80, na kwa Unguja kilomita 80 zinakufikisha kwenu popote ulipo. Lakini ukishafika? Mipira mingi ya namna hiyo fundi wa pancha hataki kuigusa ikishatembea bila upepo, na ana haki, maana ndani imeshajikaanga. Unarudi pale pale pa kusubiri ndege. Halafu ubavu wake mgumu, kila jiwe la njia ya ndani unalisikia mgongoni, mama alipanda gari moja ya namna hiyo ya mtoto wa ami yangu, akaomba ateremshwe akae kidogo.

Springi za upepo nazo nataka nizisemee kwa uadilifu, maana zina kheri yake. Gari ikisimama unabonyeza inashuka, mama anaingia kama anakaa kitandani, halafu inanyanyuka. Kwa mtu mwenye mzee nyumbani hichi si kitu cha kuringia, ni msaada. Lakini ile ni mifuko ya mpira, ina pampu yake, ina mabomba, ina sensa za kimo kila mguu. Mpira unazeeka, zaidi penye joto na chumvi na mchanga. Ukianza kuvuja tundu dogo tu asubuhi unaikuta gari imelalia upande, ukiwasha pampu inafanya kazi kupita kiasi kuujaza, na usipoliwahi tundu pampu nayo inaungua, umeanza na mfuko mmoja umemaliza na viwili vitatu. Yangu imeanza kuvuja mwaka wa pili, nyuma kulia. Nina fundi wangu Amani ambae kafungua injini tangu mie kijana, mtu mwaminifu sana, kaja kaitizama kanambia kaka, kuufunga mfuko naweza, lakini ukishafungwa gari lazima ifundishwe upya kimo chake kwa kompyuta ya kampuni yake, na hiyo kompyuta mie sina na sijui mwenye nayo hapa. Nikamuuliza muuzaji kwa simu, akanambia ilete gari kwao. Kwao ni ng'ambo ya bahari! Suali hili angelijibu kabla sijalipa ningelichagua springi za chuma na kibao cha kukanyagia ubavuni, cha umeme kile kinachojitokeza au hata cha kawaida kisichotembea, mama angelipanda vizuri vile vile. Land Cruiser 300 niliyoitaja inakuja na springi za chuma mbele na nyuma na hakuna anaeiita gari ya kimaskini.

Jengine ni dizeli. Watu wetu wanapenda dizeli kwa kuwa inakwenda mbali na inavuta, na zamani ilikuwa sawa. Gari mpya za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zina chujio la masizi kwenye eksozi, na lile chujio linajisafisha kwa kuunguza masizi eksozi ikipata moto wa kutosha, yaani gari itembee mwendo mzuri wa mfululizo. Sasa mtu anaekaa Mazizini anakwenda Darajani, anarudi, jioni anakwenda uwanja wa Amani kutizama mpira, anarudi, lini eksozi yake itapata moto huo? Kisiwa chenyewe urefu wake kilomita themanini na kitu na njia nzima mna matuta, daladala, gari ya ng'ombe, na pale msitu wa Jozani lazima upunguze mwendo kwa ajili ya kima punju. Chujio linaziba, taa inawaka, nguvu zinakatika. Nyengine tena zina tangi la AdBlue, maji ya urea ya kusafishia moshi, likimalizika ukazima injini haiwaki tena mpaka utie. Basi anaetaka dizeli aulize hii ni ya soko gani, ina chujio au haina, ina tangi la AdBlue au halina, na mafuta ya vituo vyetu yanaikubali. Kwa mtu wa mjini ambae safari zake ni fupi fupi mie nnaona petroli, hata kama itakunywa.

Na hapa nataka nilisemee jambo la ndugu zetu walioko Maskati na Dubai, maana hata mie kaka'angu alinambia njoo uchukue huku, gari zipo kwenye yadi zimejaa, eesii zake zinapoza kweli kweli, na bei nzuri. Nia yake njema kabisa. Lakini kule wanapita kulia na sukani iko kushoto, sisi tunapita kushoto na sukani iko kulia. Huwezi kuipita daladala kwenye njia nyembamba ya Chwaka ukiwa umekaa upande wa ukingo, huoni kinachokuja mpaka gari nzima imeshatoka. Taa zake nazo zimetengenezwa kurusha mwangaza zaidi kulia, huku kwetu kulia ndiko anakotoka mwenzio kwa vespa na mtoto kapakiwa mbele, unampofua. Hili si jambo la kubadilisha gereji. Fomu ya kuagizia ina mstari unaouliza sukani upande gani, na mstari huo ndio wa mwanzo wa kuutizama kabla hata ya rangi.

Halafu hizi pakeji. Unataka kitu kimoja wanakwambia hakiuzwi peke yake, kimo ndani ya pakeji na vyengine sita. Mie nilitaka viti vya kupoza, vile vyenye vitundu na feni ndani, kwa ajili ya mama na joto la Januari na Februari. Nikapewa na vya kupasha moto na sukani ya kupasha moto, nimevilipia, na sijavibonyeza hata mara moja na inshaallah sitovibonyeza. Mwaka 2022 ilipotangaa khabari kwamba BMW katika baadhi ya nchi wanatoza watu kwa mwezi ili kile cha kupasha kiti ambacho tayari kimo ndani ya gari kifanye kazi, nilijua si sisi peke yetu tunaosumbuliwa, na watu kule walipiga kelele mpaka mwaka uliofata kampuni ikaliacha jambo lile kwa upande wa viti. Wao walipiga kelele, na kampuni ikasikia. Sisi tunanyamaza tunaona haya, mtu anaona akiuliza sana ataonekana hana pesa.

Na kila unachokiongeza kwenye fomu hulipi mara moja. Ushuru wa forodha wa gari ya abiria kwetu Tanzania ni asilimia 25 ya thamani pamoja na bima na nauli ya meli, halafu kuna ushuru wa bidhaa unaofata ukubwa wa injini, halafu VAT inakuja juu ya hivyo vyote. Paa la kioo la dola 2,000 likishapita forodha peke yake limeshakuwa 2,500 na bado hujafika kwa wengine. Bima kubwa nayo inafata thamani, kila mwaka. Muuzaji anakuonyesha bei ya opsheni, yaani ya kile cha kuongeza, bila ya haya, na mtu akitizama anasema ah, elfu mbili tu.

Hilo paa lenyewe ntasema kwa ufupi. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, kioo kina pazia lakini joto linaingia, ukiegesha nje sokoni Mwanakwerekwe nusu saa ukirudi ngozi nyeusi haikaliki. Mama siku zote anapanda na kanga yake ya pili mkononi anaitandika kwanza ndio akae. Gari ya thamani ile, na mama yangu anakalia kanga ili asiungue! Ngozi ya rangi ya mchanga au kijivu nyepesi ingelitosha, na ilikuwa bei ile ile. Range Rover ya mwanzo iliyotoka 1970 viti vyake vilikuwa vya vinil na chini raba, unaweza kuosha kwa mpira wa maji, walioitengeneza walijua itapita kwenye tope. Leo ile ile ina mazulia mazito ya manyoya ukitaka, na haina kosa, kosa ni kuyachagua wakati wewe unabeba ndizi na nazi na watoto waliotoka kuoga pwani.

Sitaki ifahamike kwamba nnawakataza watu. Nnawasikia wanaosema Unguja haihitaji gari kama hizi, mie sikubaliani nao. Mtu akipata halali yake akamnunulia mama yake gari inayompumzisha mgongo, kafanya jambo jema. Na vipo vitu vya kifahari ambavyo ningelivilipia tena hata mara mbili. Kamera za pande zote nne, zile unaiona gari kama uko juu yake, kwenye mitaa yetu ambayo watoto wanacheza nyuma ya gari na mbuzi wanalala chini yake, ile ni roho ya mtu. Taa nzuri za mbele. Eesii ya nyuma yenye matundu yake. Sensa za kugundua mtu anaekatiza njia. Ile ya kuishika gari isitoke kwenye mstari sikuiona faida yake, inasoma mistari iliyopakwa barabarani na njia nyingi za shamba hazina mstari, mara inashika mara inaacha. Na kitu kimoja hawakwambii, kioo cha mbele kikipasuka kwa kokoto kamera iliyobandikwa pale juu inataka kupimishwa upya kwa mashine, vile vile rada ya kwenye bampa ukigongwa. Uliza mashine iko wapi, na usikubali kuambiwa ipo, uliza iko mji gani.

Kilichonifanya nikae niandike ni mtoto wa dada'angu. Anafanya biashara ya kusafirisha wageni wa mahoteli upande wa Paje na Bwejuu, kijana mpole, na sasa anataka Land Cruiser 300 moja ya hali ya juu kwa wageni wa harusi na watu wazima. Anachukua kwa murabaha, yaani benki inainunua gari halafu inamuuzia yeye kwa faida inayojulikana, na kwenye namna hii lazima gari iwe imeshaelezwa yote kabla, kwa sababu benki inanunua kile kilichoandikwa kwenye invoisi na sio kile ulichokuwa nacho moyoni. Alikuja nyumbani kuniaga kwamba Jumatatu anakwenda kulipa dipoziti, kanionyesha picha kwenye simu. Ringi kubwa. Paa la kioo. Ngozi nyeusi. Nikahisi kama naitizama ile gari yangu juu ya matofali.

Nikamwambia mwanangu kaa. Tumekaa usiku tatu baada ya sala ya isha, mie na yeye na dada'angu, na ile fomu nzima tumeipiga chapa kurasa kumi na moja, mstari kwa mstari, na kila mstari tunaulizana hichi kikiharibika Bwejuu saa tatu usiku atafanya nini? Alitaka iwe na V8, injini ya silinda nane, nikamwambia hao watu wanaiita V8 kila Land Cruiser kubwa, lakini tangu 2021 hiyo 300 haina V8, ina V6 ya silinda sita, na zilizo nyingi zina turbo mbili, petroli ya lita 3.5 au dizeli ya 3.3, na inavuta vizuri tu. Alishangaa. Upana wake karibu mita mbili bila ya vioo vya pembeni, tukatoka na futi tukapima geti la pale anapoegesha, linaingia lakini limebana, bora kujua sasa. Kuhusu kusubiri nikamwambia asiahidi mgeni yeyote tarehe, Toyota wenyewe mwanzo wa 2022 waliwaambia wateja wao wa Japani kwamba gari hiyo inaweza kusubiriwa mpaka miaka minne, seuze sisi. Na aulize siku ya kufungwa oda, kwa sababu kuna siku kiwanda kinafunga na baada ya hapo hubadilishi hata rangi ya mshono. Dada'angu ndie aliyeuliza suali ambalo sisi wanaume hatukulifikiria, wageni wazima wanaoteremka pwani na miguu ya mchanga watakanyaga wapi, tukaongeza mazulia ya raba na kibao cha ubavuni. Tukaondoa paa la kioo, tukaondoa pakeji mbili, tukarudi ringi 18, ngozi ya rangi ya mchanga, rangi ya nje nyeupe. Tukaandika pia kwamba chini ipigwe dawa ya kuzuia kutu kabla haijasafirishwa, na ikifika aioshe chini kwa maji baridi kila akitoka pwani, kutu ya gari zetu siku zote inaanza huko pasipoonekana. Kilichobaki akaongezea kamera zote na eesii ya nyuma, na bado bei imeshuka.

Muuzaji alipopelekewa akampigia simu kijana akamwambia ikija hivyo itaonekana ya kawaida. Kijana akamjibu, wageni wangu hawaitizami, wanaikalia.

Sasa ombi langu Mhariri, na nnaliomba kwa wote wanaouza gari hizi kwa watu wa visiwa hivi, wawe hapa wawe Dar es Salaam wawe nje. Kabla hamjachukua dipoziti mpeni mtu karatasi moja ya Kiswahili, muandike mipira ya saizi hii iko duka gani na bei gani, mpira wa akiba umo au haumo na wa namna gani, springi gani, mafuta gani, na mashine ya kuipima gari hii iko mji gani kwa jina la mji. Karatasi moja. Mtie saini nyie na atie saini yeye. Mtu akishasoma akataka ringi 22 kwa ridhaa yake ni pesa zake na nnamuombea salama. Na wasomaji wenye gari hizi, wa huku na wa Pemba, waandike kwenye gazeti hili ni kitu gani kimewafaa na kipi kimewatesa, maana ndugu zangu wa Wete wamenambia na kwao zinaingia, na huko likikwama jambo kuna meli moja zaidi ya kuvuka.

Kijana keshatuma fomu mpya. Kajibiwa yote isipokuwa moja, aliuliza kwa maandishi mpira wa akiba ni wa saizi kamili au ule mwembamba, mara mbili, na mara zote mbili kaambiwa atajibiwa. Oda inafungwa Alkhamis.

Msomaji wako,
Kiembesamaki, Unguja